Siku Bibi Alipoletwa Darasani

Wapishi wa shule wakikoka moto wa uji kwa kuni mbichi za mkaratusi, moshi huingia hadi ofisini ninakosahihisha madaftari, na kalamu yangu husimama.

Nilipokuwa mwanafunzi, wiki moja kila mwalimu alituletea mtu wa historia anayemheshimu kuliko wote. Wengi walikuja na picha za marais na machifu. Mwalimu wetu wa historia, mgeni kutoka Tanga mjini, alimleta bibi yangu. Alikuwa amesikia kwamba bibi, akiwa msichana, alikataa kulima matuta yaliyolazimishwa na Mzungu enzi za ukoloni, akafungwa.

Bibi alisimama mbele yetu miguu peku, kanga yake inanuka moshi wa mkaratusi. Akaanza kusimulia kwa Kishambaa, kwa kuwa Kiswahili hakukijua.

"Nani atanitafsiria?" mwalimu akauliza.

Pale shuleni, ukinaswa unaongea Kishambaa unavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Tena wenzangu walikuwa wanaicheka miguu ya bibi. Nikainamia dawati.

Bibi alinitazama, kisha akaendelea hadi mwisho. Sote tulielewa, isipokuwa yule aliyemleta.

Hakuisimulia tena habari ile mpaka tulipomzika.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa historia. Juzi mwanafunzi aliniuliza namheshimu nani kuliko wote. Niliyatafuta maneno ya bibi, nikakuta nimebaki na ule moshi tu. Nikamtajia rais.