Mgongo wa Mama Ghalani

Mwaka ule maduka ya Singida mjini yalifurika ndoo na mabeseni ya plastiki ya kila rangi. Mama yangu, ambaye miaka yote ya uhaba aliosha vyombo kwenye sufuria lililozibwa matundu mara tatu, alinunua beseni jekundu akaliweka juu ya kabati sebuleni, wageni walione.

Beseni hilo ndilo alilompa binti wa mwenye duka mmoja alipokuja kwetu Unyambwa kuazima vyombo. Binti huyo, wa familia ya Kihindi ya pale mjini, nilisoma naye shule ya msingi. Sasa alikuwa amerudi kutoka ng'ambo alikosomea sanaa, na alitaka kufanya maonyesho kwenye ghala la baba yake: vyombo vya nyumbani pamoja na miili ya wanawake wanaovitumia.

"Miili?" mama akauliza.

"Plasta tu, mama. Kama ile wanayofungwa waliovunjika mguu. Nataka umbo la mgongo wako ukiwa umeinama unaosha vyombo."

"Na uso?"

"Uso sihitaji."

"Basi sawa. Kama uso haumo, nani atanijua?"

Beseni lilikataliwa. Binti alitaka lile sufuria la zamani, jeusi tii kwa masizi. Mama aliona aibu, akaamka alfajiri akalisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa. Binti alipolipokea alikaa chini akashika kichwa.

"Mama, yale masizi yalikuwa ya miaka mingapi?"

"Mingi," mama akajibu kwa fahari. "Yamenitoa jasho!"

Tukatundika kanga kwenye kamba za nguo pale uani, mama akakaa kwenye kigoda nyuma yake, mgongo wazi umepakwa mafuta. Binti akaufunika kwa vipande vya bandeji ya plasta vilivyolowekwa. "Usitikisike, mama. Nusu saa tu."

Dakika kumi hazijapita, tukasikia hodi. Walikuwa wazee watatu kutoka Mwankoko, wakiongozwa na baba wa mchumba wangu. Tuliwatarajia Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa shambani. Nikapiga magoti, nikawapa shikamoo zao, nikawawekea viti hatua chache kutoka kwenye zile kanga, maana sikupata akili ya kuwapeleka kwingine.

"Mama yupo?"

"Nipo, wakwe zangu," sauti ikatoka nyuma ya kanga. "Habari za Mwankoko?"

"Nzuri. Mbona hatukuoni?"

"Siwezi kutoka."

Hakudanganya hata kidogo. Wazee wakatazamana. Mama akawauliza hali ya mvua, ya ng'ombe, ya wagonjwa wao, yote akiwa ameinama vilevile, huku binti akimnong'oneza asipumue kwa nguvu. Mwishowe baba mkwe akawageukia wenzake akasema kwa Kinyaturu kwamba tangu mama yake afariki hajaona mwanamke anayejificha wakwe kwa heshima namna hii. Wakaondoka wameridhika kabisa.

Siku ya maonyesho mji mzima ulikuja, kwa sababu ilisemekana kuna soda. Mgongo mweupe ulikuwa juu ya kigoda, umeinamia sufuria, na vijiko vingi vilining'inia kwa nyuzi kutoka darini. Watu walizunguka wakitazama. Mmoja aliuliza sufuria linauzwaje.

Mama alisimama mbele ya mgongo wake muda mrefu. "Sijawahi kuuona," akaniambia polepole. "Miaka yote hii natembea nao." Akaonyesha kibonde kidogo juu ya kiuno. "Hapa ndipo ulipokuwa unakaa wewe."

Nikainama nikiangalie. Nikiwa bado nimeinama, baba mkwe akaingia, akauendea mgongo moja kwa moja, akaupigapiga kwa kiganja kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Huyu ni mtu wa kazi!" akasema kwa sauti. "Ni wa nani?"

"Ni mkweo huyo!" jirani yetu akadakia.

Mzee akarudisha mkono kama aliyeshika mfuniko wa moto. Mama alishajifunika kanga usoni akakimbilia mlangoni, vijiko vikilia njia nzima.

Kesho yake akaletwa mbuzi, kuomba radhi kwa kumshika mkwe mgongo. Wazee wa pande zote mbili wakakaa kikao nusu siku kuamua kama plasta ni mwili. Binti wa mwenye duka aliitwa kutoa maelezo, na kwa uaminifu wake akakiri kwamba vinyweleo vichache vya mama vilinasa humo. Hapo kesi ikaanza upya.

Uamuzi ukawa kwamba plasta si mwili lakini vinyweleo ni mwili, kwa hiyo mbuzi apokelewe, ila aliwe na pande zote mbili. Tulimla siku hiyohiyo, baba mkwe na mama wakiwa pembe mbili za ua, kila mmoja akitazama ukuta wake. Mimi na mchumba wangu tulioana baada ya mavuno.