Kata Moja ya Maji Baridi

Kilichonitoa Masasi ni msiba. Dereva wa basi alituletea habari kwamba Saidi, mtoto wa kwanza wa mdogo wangu Mwanaisha, amefariki Temeke kwa kuhara na kutapika. Alikuwa amebaki mdogo wake, Zuhura. Mama akaniambia, "Nenda kamlete huyo mmoja kabla hatujaitwa tena."

Alfajiri nikapanda basi. Barabara ile haina haya, matope mpaka Rufiji, na kivukoni tukasubiri pantoni mpaka miguu ikafa ganzi. Abiria wenzangu wakawa wanaisifia Dar, eti huko maji yanakufuata mlangoni.

Temeke nilifika kesho yake mchana. Bomba la mtaa lilikuwepo kweli, kavu, ndoo zimepangwa mbele yake. Wenye ndoo walikuwa kisimani, na kisima kimechimbwa ubavuni mwa choo. Uhuru tumepata, bomba tumewekewa, maji tukachimbe wenyewe! Nilikasirika hata kabla sijapiga hodi.

"Shikamoo kaka," Mwanaisha akasema, akaangua kilio.

"Marahaba. Pole, mdogo wangu."

"Nilichemsha maji, kaka. Bibi afya alipita na balozi wetu wa nyumba kumi, akasema tuchemshe. Sie wote hapa uani tunachemsha, na mkaa wenyewe wa kugombania! Mwanangu hakunywa maji mabichi hata siku moja."

Jioni Zuhura akalilia maji. Mama yake akaepua sufuria, akamimina kikombeni, akaona mvuke. Akachota kata moja ya maji ya kisima mtungini, akayazimua. Nilimshika mkono kikombe hakijafika mdomoni mwa mtoto. Kijijini kwetu bwana afya alishatufokea kwa kosa hilohilo: ukizimua kwa maji mabichi, wadudu umewarudisha.

"Yaache yapoe yenyewe," nikasema.

"Ya moto hanywi, kaka. Saidi ndiyo kabisa, mpaka nimzimulie..."

Aliitazama ile kata, kisha akakaa chini palepale.

"Kumbe ni mie," akasema.

"Si wewe! Ni hao waliowaachia bomba la pambo, mkanywa ya chooni." Nilisema kweli, lakini haikumfaa kitu.

Siku ya kuondoka, bomba lilikuwa bado kavu. Mwanaisha hakutaka kufuatana nasi, alisema arobaini ya mwanawe bado. Akanipa chupa ya maji aliyoyachemsha jioni na kuyafunika mpaka asubuhi. Zuhura aliyanywa kivukoni, akalala mapajani mwangu.

Nimejifunza kwamba mji waweza kukuulia mtoto, kisha ukakushikisha kata mkononi. Mama aliponiuliza Saidi aliharishwa na nini hata akafa, nilimjibu, "Maji ya Temeke." Habari ya kata sikumwambia.