Ukuta wa Mama na Udongo wa Mgodini

Enzi zetu kijiji kilikwisha kuachwa na mgodi, ila sisi watoto hatukujua kama tumeachwa. Wenye mgodi waliondoka kabla hatujazaliwa, wakatuachia kipande cha reli ambacho mwalimu wa zamu alikigonga kutuita mstarini, na vilima vya marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Tuliteleza kwenye vilima vile kwa madebe yaliyopondwa mpaka kaptula zikatoboka matakoni, na nyumbani fimbo ikitungoja. Baada ya fimbo ulikuja ugali wa mtama na maziwa ya mgando, sinia moja, wala hakuna aliyeulizwa kama anapenda au hapendi.

Kila mwaka baada ya mavuno tulisiliba nyumba. Tulibeba marudio kwa beseni, mama akayachanganya na mavi ya ng'ombe, wote tukapaka kwa viganja. Mdogo wetu wa mwisho, Ghati, alipewa chini ya dirisha kwa kuwa hakufika juu. Asubuhi jua likiupiga, ukuta ulimetameta, nasi tukamwuliza baba kama ile ni dhahabu.

"Ingekuwa dhahabu," alisema, "wangetuachia?"

Kumbe ilikuwamo kidogo. Siku hizi vijana wana makarasha, mashine za kusaga mawe, na vilima vyote wamevimaliza. Vilipokwisha wakahamia kwenye nyumba zetu za zamani, wananunua kuta. Ukirudi likizo unakuta kwa jirani pamebaki mafiga matatu, mwenyewe amehamia kwenye tofali na bati. Siwalaumu, bati halivuji.

Mwaka huu vijana hao walifika kwa mama. Nyumba imeanza kuinama, na sisi wanawe tulikuwa tumeshamshauri auze ajengewe nyingine. Mama aliitikia shikamoo zao, akawapa uji, kisha akamshika mmoja mkono akampeleka chini ya lile dirisha. Pale pana alama ya kiganja kidogo. Ghati alikibandika udongo ukiwa mbichi, na kabla ya mavuno mengine surua ikamchukua. Miaka yote hiyo mama amesiliba ukuta mzima akaliruka eneo lile, na sisi tuliokuwa tukimbebea udongo tulisahau kwa nini.

"Huyu ni mwanangu," alimwambia yule kijana. "Sina picha yake nyingine."

Walimaliza uji wao, wakaaga. Hatukuzungumza tena habari za kuuza.

Juzi tumeusiliba ukuta upya. Wajukuu, wenye picha zao elfu kwenye simu, walishika mavi ya ng'ombe kwa ncha za vidole kana kwamba yanang'ata, lakini walipaka. Udongo ulikuwa wa shambani, maana marudio hayapo tena. Asubuhi nilitoka kuutazama. Ukuta umekauka vizuri, ila haumetameti kama zamani, isipokuwa pale chini ya dirisha.