Zabibu za Bernadine Kuzma

Pu! Ndivyo mche mzima wa chokoleti ulivyolia ukidondoka ndani ya foronya ya mtoto, barazani kwa Stan Kuzma, miaka ile. Nyumba nyingine za mtaa ziligawa vipipi vya kunyonya, vikaanguka kimya kama manyunyu. Kwa Stan kulikuwa na kishindo. Siku ya Halloween, mwisho wa Oktoba, watoto wanapovaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba na foronya wakiomba peremende, walivuka reli kuja kukisikia, na Bernadine, mkewe, akiwa nyuma ya mlango na katoni ya pili mikononi, alijiona mke wa mfalme.

Hiyo ilikuwa kabla sukari haijamla Stan. Ilianza na kidole gumba cha mguu wa kushoto, ikapanda kifundoni, ikapanda gotini, kisha ikahamia machoni. Daktari alikataza, Bernadine akakataza, na sikio la kufa halisikii dawa. Wiki moja baada ya maziko alifungua sanduku la spana la mumewe, akakuta makaratasi ya chokoleti yamekunjwa vizuri na kupangwa chini ya nyundo, kama barua za mapenzi. Hakuhitaji kuuliza yalikotoka. Kila Septemba ni yeye aliyenunua katoni za Halloween mapema, zikiwa rahisi, akazirundika gereji. Kipofu wa mguu mmoja alikuwa akipapasa mpaka huko.

Tangu mwaka ule Bernadine hugawa zabibu kavu, kiboksi kimoja kidogo cha karatasi kwa kila mtoto.

Mji mdogo wa wachimba makaa husamehe mambo mengi. Husamehe ulevi, husamehe ngumi. Hilo haukulisamehe. Mwaka wa kwanza watoto walichungulia ndani ya foronya zao na kusema asante kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za msiba. Mwaka wa pili aliokota viboksi kwenye ngazi, vimekanyagwa. Mwaka wa tatu aliosha mayai yaliyorushwa mlangoni mpaka adhuhuri ya siku iliyofuata.

Lakini kila mwaka, mtoto wa kwanza kupanda ngazi zake alikuwa Tessa, mjukuu wake, na kwa Bernadine huyo mmoja alitosha.

Mwaka wa nne, asubuhi ya siku yenyewe, binti yake Renee aliingia jikoni bila kuvua koti.

"Mama, unajua Tessa wanamwitaje shuleni?"

"Tessa."

"Zabibu. Wanamwita Zabibu, kwa ajili yako. Juzi wamemjazia zabibu kwenye viatu, akazikanyaga siku nzima kwa kuona haya kuvivua."

Bernadine aliweka kikombe chini. "Na vipimo vyake? Daktari alisemaje mwezi wa nane?"

"Alisema tupunguze sukari. Hakusema tumfanye kichekesho cha mji."

"Basi mimi napunguza."

"Unapunguza wapi, Mama? Nyumba sitini zinamjazia gunia, wewe unampunguzia na kiboksi kimoja! Baba amekufa. Usimlipizie kwa mwanangu." Renee alifuta macho kwa mkono wa koti. "Gawa chokoleti kama watu, au zima taa ya barazani. Nyumba yenye giza haimuudhi mtu. Ukiwasha taa na zabibu zako, Tessa hapiti hapa."

"Foronya yangu ya maua ya bluu, bado anaibeba?"

"Anaibeba. Ndiyo kubwa kuliko zote."

Alipoondoka, Bernadine alikaa akiitazama swichi. Mtoto hapandi ngazi za nyumba yenye giza. Kila mtoto wa mji ule anajua. Akizima, mayai hayatakuja, wala Tessa hatakuja, hata kama moyo utamtuma. Akiwasha, huenda akaja.

Saa kumi na mbili jioni king'ora cha zimamoto kilitoa ruhusa, na watoto wakamwagika barabarani na vinyago vyao. Bernadine aliwasha taa, akaketi barazani na bakuli mapajani.

"Berna!" Lorraine, jirani wa ng'ambo ya barabara, alipaza sauti. "Mwaka huu unagawa nini?"

"Zabibu."

"Wagawie na karatasi za chooni basi, shoga, maana wataharisha!"

Barabara nzima ilicheka, hata akina baba waliosimama na chupa zao. Bernadine alitabasamu kidogo, kama mtu anayelipa nauli. Makundi yalifika kwenye ua wake, yakakunja kona kama maji yanayokwepa jiwe, yakaenda kwa Lorraine. Saa moja ikapita. Bakuli lilikuwa limejaa vilevile.

Zilipobaki dakika chache king'ora kilie tena kuwarudisha watoto nyumbani, watoto watano walipanda ngazi wakibana vicheko. Mbele yao mvulana aliyevaa vazi la kiunzi cha mifupa. Nyuma kabisa mdogo wao, mzimu wa shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho, akiburura foronya ya maua ya bluu. Pembe yake moja ilishonwa kwa uzi mweusi. Bernadine ndiye aliyeishona, siku uzi mweupe ulipomwishia.

"Kitamu au kituko!" walipaza wito wa Halloween.

Aligawa. Viboksi vilianguka, cha, cha, cha. Kwenye foronya ya maua kiboksi hakikulia kabisa. Ilikuwa imejaa mno.

"Haya, Zabibu," kiunzi alisema. "Ulituahidi."

Shuka halikusogea.

"Anaogopa! Anamwogopa bibi yake!"

"Usipomrushia kiboksi, wewe ni Zabibu mpaka ufe."

"Zabibu! Zabibu! Zabibu!"

Mkono mdogo ulitoka chini ya shuka na kiboksi. Ndani ya matundu Bernadine aliyaona macho ya Stan, yamelowa. Angeweza kumwita kwa jina. Angeweza kuinuka na kufunga mlango. Alivua miwani yake taratibu, akaitia mfukoni mwa aproni, akaketi wima.

Kiboksi kilimpiga chini ya jicho. Pembe yake ilichana ngozi, na zabibu zikatawanyika mapajani.

Watoto walipiga mayowe ya furaha, wakateremka ngazi wakisukumana mpaka barabarani. Ng'ambo, Lorraine aliacha kucheka. Mzimu ulibaki umesimama mbele ya kiti, foronya imelala miguuni.

"Tessa!" walipaza sauti kule chini. "Tessa, umeweza! Tessa, twende!"

Damu ilikuwa imefika shavuni. Bernadine hakuifuta. Aliinama, akaokota pembe ya foronya, akaiweka katika mkono ule uliorusha, na kwa sauti ambayo haikufika hata ngazi ya pili alisema:

"Nenda. Wanakuita kwa jina lako."