Isale la Kwenye Kopo

Miezi minane baada ya kunipekua mbele ya wateja, yule mama mwenye mgahawa alinitumia salamu kwamba anataka nirudi. Salamu zilinikuta nyumbani Sombetini nikifua. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo, na sikukusudia ipite bila kumkomoa.

Mgahawa wake ulikuwa Levolosi, ulifunguliwa enzi zile za ruksa, kila mwenye chumba cha mbele alipokuwa anakigeuza biashara. Yeye alikuwa na chumba na friza. Mimi nilikuwa na mkono. Mtori wangu, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ndio uliomjazia viti kila asubuhi, na hilo nalisema bila haya kwa sababu ni kweli. Sote wawili ni Wachaga, ila mimi nimekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, Kilimanjaro, na yeye alilelewa hapa mjini. Nyumbani alikwenda Krismasi tu, kula na kupiga picha.

Siku ya ugomvi ilipotea nyama. Bila kuniuliza lolote alichukua kikapu changu akakimwaga juu ya meza ya wateja. Kitenge, kitabu cha nyimbo za kanisani na chupi niliyoinunua mtumbani vikatandazwa katikati ya bakuli za watu. Nyama hakuiona, akasema basi nimeshaitorosha, mimi ni mwizi mzoefu. Nikavua aproni nikaondoka. Jioni ile ile nyama ilipatikana chini ya barafu, kwenye friza lake mwenyewe. Muosha vyombo ndiye aliyekuja kuniambia. Bosi alijua, akanyamaza. Jina la mwizi likabaki langu, na kila mgahawa nilioomba kazi walikuwa wameshalisikia.

Kwa hiyo niliporudi sikufuata kazi. Nilifuata jina langu. Nilichagua saa nne asubuhi, viti vimejaa, nikavaa gauni la kanisani. Alinipokea kwa tabasamu, akaanza kunisimulia jinsi mpishi mpya anavyopika uji halafu anauita mtori. Nikamkatisha. Nikamwambia nitaingia jikoni kwa sharti moja: aniombe msamaha kwa isale, hapo hapo, watu wakisikia.

Kwetu isale si jani la mchezo. Hupandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekukosea akikuletea, huna ujanja: ukilipokea umesamehe, na kulikataa ni kujitafutia laana. Watu wamepatanishwa hata kwa kesi za damu kwa jani hilo. Nilijua pale mtaani halikuwepo, nikadhani atahangaika siku mbili tatu kulitafuta. Mahangaiko hayo nilikuwa nayatamani.

Hakuhangaika. Alitoka nje, akachuma jani kwenye ua lililopandwa katika kopo la rangi hapo mlangoni, akarudi nalo, akapiga goti mbele yangu.

"Dada, nilikukosea," alisema, na mgahawa mzima ulisikia. "Hukuiba kitu. Nyama niliikuta mwenyewe kwenye friza. Pokea isale, yaishe."

Jani lilikuwa jekundu. Isale ni la kijani, mtoto wa kihambani analijua kabla hajajua kusoma. Mzee mmoja wa kwetu aliyekaa meza ya kona alilitazama, akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye bakuli lake. Ningeweza kumnong'oneza yule mama kwamba hilo ni ua tu. Badala yake nililipokea kwa mikono miwili, nikamwinua, watu wakapiga makofi. Moyoni nilifurahi vibaya sana. Jina langu nilikuwa nimelipata, na msamaha sikuutoa.

Nilimpikia vizuri, nikamwacha aniamini. Baada ya miezi mitatu akapokea oda kubwa, chakula cha sherehe ya kipaimara ya mtoto wa mfanyabiashara mmoja, Jumapili baada ya ibada. Alitamba nayo mtaa mzima. Jumamosi nilihakikisha ndizi na nyama vimeletwa, nikamuaga kama kawaida. Jumapili sikwenda. Nilijilaza kitandani na redio yangu, nikawa nakisia: sasa anatuma mtu kunitafuta, sasa wageni wanatoka kanisani, sasa wanaangaliana. Mlango ulipogongwa sikufungua. Baadaye nilisikia kwamba wageni walipewa soda na mikate ya dukani, na mwenye sherehe alimfokea mbele ya mchungaji. Aliyenisimulia nilimwomba arudie.

Nikahamia Ngaramtoni, nikafungua kibanda changu cha mtori karibu na soko. Siku moja ya soko, asubuhi kabla wateja hawajaja, nikamwona amesimama mbele yangu, amekonda. Nilikuwa namenya ndizi na sikuacha kumenya. Aliniuliza kwa nini nilimfanyia vile, ilhali nilikuwa nimepokea isale.

Swali hilo nilikuwa nimelitunzia jibu tangu siku ya goti. Nikamwambia lile halikuwa isale, lilikuwa ua la kwenye kopo, na mtu asiyejua mambo ya kwao asiyachezee. Nikainua uso ili niione aibu yake vizuri.

Hakuinamisha kichwa. "Kunyamaza miezi yote ile lilikuwa kosa langu," alisema. "Lakini nilipopiga goti nilimaanisha. Mimi nilidhani ni isale. Wewe ndiye uliyejua, ukapokea."

Akaniaga kwa adabu, akavuka barabara. Sijamsamehe mpaka leo, na nikisema nimemsamehe nitakuwa naongopa. Ila asubuhi ile nilikuwa na matusi tele ya kumtupia mgongoni, na nilipoyapitia moja moja, sikupata hata moja lililomstahili yeye kuliko mimi.