Bi Funika na Skrini ya Bluu

Shule nzima ilimwita Bi Funika, naye alijua, wala hakununa. Ukiwa mhazili wa shule kwa miaka ishirini na mbili, unaitwa mengi. Jina lilitokana na kitambaa. Zamani, alipojifunza kupiga chapa, mwalimu wake alimkanya: taipureta ikigoma isiguswe, ifunikwe, aitwe fundi. Taipureta ikaondoka, kompyuta ikaja, kitambaa kikabaki, kimefuliwa mpaka maua yake yamenyauka.

Kwa hiyo wiki ile kompyuta ilipoanza kugoma ghafla, skrini ikigeuka bluu yenye maandishi meupe, Bi Funika hakusoma hata herufi. Alifunika. Kila fundi alipofika aliikuta imeshajiwasha upya, haina hata kikohozi.

"Iliandika nini, Mama?"

"Mwanangu, mgonjwa hakodolewi macho."

Ijumaa maji yakamfika shingoni. Orodha ya watahiniwa themanini na saba ilitakiwa iwe imetumwa kabla ya saa sita mchana. Asiyekuwamo hafanyi mtihani, basi. Saa tano na robo, akiwa jina la sitini, pwaa! Bluu. Mkono ukaenda kwenye kitambaa wenyewe, kisha ukachukua simu.

"Fundi, njoo mbio!"

"Niko juu ya paa la watu, Mama. Nisomee imeandika nini."

"Nimeshaifunika."

"Mama! Mgonjwa anajieleza, wewe unamfunika shuka usoni kama marehemu? Funua!"

Akafunua kwa ncha za vidole, akichungulia kwa jicho moja.

"Kuna kauso. Kamenuna."

"Achana nako. Chini yake?"

"Inasema imepata tatizo, inajiwasha upya."

"Hizo salamu tu. Shuka zaidi, tafuta jina la kilichoshindwa. Andika upesi kabla halijapotea!"

Akaliandika nyuma ya bahasha, herufi moja moja, ulimi nje. Alipomaliza, skrini ikazima. Jina lile lilimsumbua. Kama vile amewahi kuliona. Akainamisha kichwa kufikiri, akaliona: liko miguuni pake! Liliandikwa kwa herufi nene kwenye boksi tupu alilokuwa akiegemezea miguu, boksi la kipaza sauti kipya cha Mwalimu Mkuu. Waya wake ulitoka nyuma ya kompyuta, ukapita dirishani hadi ofisi ya jirani.

"Fundi, ni kipaza sauti cha mkubwa."

"Kililetwa lini?"

"Jumatatu."

"Na kuzimika kulianza lini?"

Bi Funika akahesabu kwa vidole. "Jumatatu."

"Basi chomoa!"

Rahisi kusema ukiwa juu ya paa. Mwalimu Mkuu alikipenda kipaza sauti kile kama mtoto wa uzeeni. Alitangaza hata chaki ikianguka. Kompyuta ndiyo kwanza imewaka, sauti ikanguruma uwanjani: "Haloo! Haloo! Aliyeacha bomba wazi..." Pwaa! Bluu. Safari hii Bi Funika alisoma bila kupepesa. Jina ni lile lile. Akabeba bahasha, akaingia ofisi ya jirani.

"Mwalimu, kipaza sauti chako kinaiua kompyuta."

"Nani kasema?"

"Yenyewe. Mara mbili, kwa maandishi."

"Inakisingizia hiyo! Ina wivu."

"Sawa, Mwalimu. Watoto themanini na saba wakikosa mtihani, utawatangazia wewe. Si una kipaza sauti?"

Mwalimu Mkuu akaitazama saa ya ukutani, akamtazama Bi Funika, kisha akaenda kuchomoa waya mwenyewe, polepole, kama anayejing'oa jino. Kompyuta ikawaka. Vidole vya Bi Funika vikamwaga majina kama mvua ya mawe. La sabini, la themanini, bado skrini haijabadilika rangi. Dakika nane kabla ya saa sita, orodha ikaenda, majina yote themanini na saba.

Mwalimu Mkuu akatoka barazani akatangaza habari hizo kwa koo lake mwenyewe. Njiwa waliruka. Mshona viatu ng'ambo ya barabara akaitika, "Tumesikia!"

Kisha akarudi ofisini, kipaza sauti kifuani, sura imemshuka.

"Bi Mhazili, niazime kile kitambaa."

"Cha nini tena, Mwalimu?"

"Kimegoma hiki. Kifunikwe, aitwe fundi."