Kiwanja Kilichojifyeka Chenyewe

Hii habari nilitaka nife nayo, lakini mke wangu Mwanahawa keshaisimulia bombani, na ikitoka bombani hapa Ngombezi inafika Segera kabla ya basi, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe, angalau kwangu ng'ombe hawataongezeka.

Mnajua tunakaa nyumba za kambi, za shamba la mkonge, na siku kazi ikiisha unarudisha ufunguo. Mwanahawa alishaniambia, kwa upole (upole wake ndio wa kuogopa), kwamba hataki kuzeekea kwenye mlango wenye namba. Basi nikajibana, nikasikia kuna Mzee Semboja upande wa Handeni anauza kipande cha shamba lake, nikaenda. Ilikuwa kiangazi, pori lote limesimama na miiba yake, lakini kile kiwanja, jamani, cheupe kama kimefagiliwa, udongo umeshindiliwa, jani hata moja hakuna. Nikasema hapa hata panga sibebi.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, tungoje kesho niwaite majirani tuzunguke nao mipaka. Na wale wafugaji wa ng'ambo nao waje."

Ndivyo kwetu inavyofanywa, unayepakana naye anakuja, anakanyaga mpaka wake, anatia saini. Lakini mimi kichwani nikaona watu kumi na mbili, kila mtu na neno lake, na mmoja anampigia simu binamu yake mwenye mfuko kunishinda. Nikamwambia mzee hakuna haja, macho ninayo. (Shule niliishia kidato cha pili, ila siku hiyo nilijiona mpima ardhi.) Tukaandikishana wawili tu, tukapeana mikono.

Baada ya wiki mbili nikapigilia mambo, vile vigingi vya kupimia, nikavuta kamba, nikaanza msingi, nikatandika majamvi, nikaita wakwe kutoka Korogwe tusome dua. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana ningekaa kimya aibu ingekuwa yangu peke yangu. Nikawatembeza, sebule hii hapa, jiko pale, baba mkwe chumba chako hiki. Baba mkwe, mtu wa maneno machache, akauliza mbona hapaoti majani. Nikacheka, nikamwambia, "Baba, hiki kina bahati, kinajifyeka chenyewe."

Saa sita, shehe kanyanyua mikono, tukasikia kengele, halafu vumbi, halafu ng'ombe, kundi zima, wanateremka lamboni kunywa maji kwa mstari ulionyooka kuliko kamba zangu. Wa kwanza akaingia sebuleni. Wa pili akaondoka na kamba kwenye pembe, mambo zinamfuata nyuma. Watu wakatawanyika, nimebaki mimi napunga kofia, nasema "shi, shi" kama nafukuza kuku, sufuria la pilau la mama mkwe limelala ubavu, na dume moja limesimama katikati ya chumba cha baba mkwe linakojoa bila haraka yoyote.

Nyuma akaja mwenye ng'ombe, mzee wa Kimasai, akasalimia wakubwa mmoja mmoja, kisha akaniuliza natafuta nini pale. Nikamwambia nimenunua kiwanja. Akaangalia msingi, akaniangalia mimi, akanionea huruma.

"Umenunua njia, rafiki yangu. Hapa walipita ng'ombe wa babu yangu."

Baba mkwe akakung'uta kanzu. "Ndiyo maana kinajifyeka."

Alicheka mpaka shehe. Mwanahawa hakucheka. Alikuwa anaokota zile mambo moja moja anaweka kwenye kanga, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, siyo pilau.

Kesho yake nikarudi kwa Mzee Semboja, kichwa chini. Hakunisema, aliita tu wale wale aliotaka kuwaita mwanzo. Tukazunguka wote, wafugaji wakaonyesha wanapopita, mzee akanisogezea hatua chache upande wa mihogo yake, na Mwanahawa akapigilia mambo kwa mkono wake, kila moja anauliza kwanza, "Hapa hampiti?"

Nyumba imefika kwenye linta, juu ya madirisha, ndogo kuliko ile niliyowatembeza wakwe, na mlango hautakuwa na namba. Mimi nimeapa, hata siku ya kuchimbiwa kaburi, majirani waje kwanza wakanyage mpaka. Na tukiwa kule site, saa sita kengele zikilia, Mwanahawa anaweka ndoo chini, ananiita, "Baba Zai, njoo, wageni wako wa sebuleni wanapita."